Waya wa Feni kwenye Gari la Harusi

Nimekuwa fundi umeme wa magari hapa katika mji wa Batagram kwa miaka ishirini na sita. Shule niliishia darasa la tano. Sina maneno mengi, na mteja akipaza sauti mimi hukubali tu. Siku moja tabia hiyo nusura iue watu.

Ilikuwa asubuhi. Dereva Banaras alileta gari lake dogo la abiria, lile linalotumia gesi, limejaa watu wanaokwenda bonde la Allai kumchukua bibi harusi. Feni ya rejeta haizunguki na injini inachemka.

"Fanya haraka, Fundi Gulfaraz," akasema. "Bwana harusi anatoka jasho mpaka wanja umefika kwenye mashavu."

Nikachomoa rilei ya feni, ile swichi yake ya umeme, nikaijaribu kwa betri. Ikalia tik, lakini taa yangu ya kupimia haikuwaka. Basi sumaku ya ndani ilikuwa inavuta, ila vibati vinavyopitisha umeme vimeungua. Fyuzi nayo ilikuwa imekatika. Hiyo ilikuwa rilei ya tatu mwezi huo.

"Kuna kitu kinaziua," nikamwambia. "Nipe nusu saa niikague mota ya feni."

"Nusu saa! Wewe unaongea na nyaya kuliko unavyoongea na mkeo. Unga moja kwa moja, kaka. Kesho nitakuletea gari zima ulibembeleze."

Watu wakacheka. Nikaona haya. Nikavuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye mota, bila rilei, bila fyuzi, nikaufunga juu ya bomba la gesi kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Feni ikazunguka. Ngoma zikalia, wakaondoka.

Nilipoinama kuokota koleo nikaona kitu chini, pale gari lilipokuwa. Ulikuwa uzi wa dhahabu, wa yale mapambo ya harusi wanayoning'iniza mbele ya gari. Ulikuwa umejisokota kama pete, umejaa grisi, upande mmoja umeungua. Ndipo nikaelewa. Feni ilikuwa inavuta nyuzi za mapambo, zinajiviringisha kwenye shina lake na kulikaba. Mota iliyokabwa hunywa umeme mwingi. Rilei na fyuzi zilikuwa zinakufa ili nyaya zisiwake. Na mimi nilikuwa nimeziondoa zote mbili. Waya wangu usingekatika. Ungepata moto mpaka uyeyuke juu ya bomba la gesi.

Nikampigia Banaras simu. Ikaita, ikaita. Kwa ngoma zile angesikia nini?

Nikawasha pikipiki. Kwa haraka zangu nikaizima mara mbili kabla ya kutoka sokoni. Kila kona nilitazama mbele nikitafuta moshi. Mara ya kwanza nilipouona nikaongeza mwendo. Kumbe ni mtu anachoma mahindi. Mara ya pili ulikuwa ukungu wa mtoni. Nilijaribu kuomba dua nikasahau maneno ninayoyajua tangu utotoni.

Niliwakuta kwenye kona juu ya mji wa Thakot, wamesimama wanacheza barabarani. Gari limesimama kando, injini inanguruma.

"Zimeni!" nikapiga kelele. Sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku. "Zimeni gari!"

"Oho, fundi amefuata pilau!" mmoja akasema, akanishika mkono akanivuta katikati ya duara. Wengine wakapiga makofi. Nikajinasua nikakimbilia boneti. Nilipoifungua moshi ukanipiga usoni, na nyuma ya moshi kulikuwa na harufu ya gesi. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka na kushikana na mpira wa bomba.

Nikafunga koki ya gesi. Injini ikafa. Lakini waya ulikuwa bado unavuta umeme wa betri na kupata moto, na gesi iliyokwisha kuvuja ilikuwa bado pale. Nikiuacha, utawaka. Nikiukata, utatoa cheche.

"Rudini nyuma!" Safari hii waliona uso wangu, wakarudi. Ila mama mzee, bibi yake bwana harusi, alibaki kwenye kiti cha mbele.

"Sishuki," akasema. "Nimekipigania kiti hiki tangu alfajiri. Nikishuka, yule wifi yangu atakikalia."

"Bibi, tafadhali."

"Sishuki hata kwa bunduki."

Mimi, ambaye hata shemeji zangu siwatazami usoni, nikamkumbatia mwanamke nisiyemjua nikamtoa mbio. Wanaume wakapiga kelele za hasira. Bibi akanipiga kichwani kwa kiatu. Nikamweka kwenye jiwe, nikarudi peke yangu.

Upepo ulikuwa unapanda kutoka mtoni. Nikaupa muda upeperushe gesi, nikihesabu. Nilitaka kufika thelathini. Nilipofika kumi na tisa tu, waya ukaanza kuwa mwekundu. Nikafumba macho, nikaukata kwa koleo pale kwenye betri.

Cheche ikaruka. Niliiona hata nikiwa nimefumba. Kisha hapakuwa na kitu, ila sauti ya mto chini.

Nikakaa barabarani. Vijana wawili walikuja wamekunja ngumi kwa ajili ya bibi yao.

"Mwacheni," bibi akasema kutoka kwenye jiwe. "Hamwoni anavyotetemeka, mtoto wa watu?"

Banaras akachungulia ndani ya boneti. Akagusa plastiki iliyoyeyuka juu ya bomba. Akaja akachuchumaa mbele yangu. Bado nilikuwa nimeshika koleo, na vidole vyangu vilikataa kufunguka. Akavifungua kimoja kimoja, polepole, na nilihisi mikono yake nayo ilikuwa ya baridi kwa hofu.