Ng'ombe wa Akko Kabale

Mtaani Wabera, Galgalo ndiye fundi wa kompyuta, na mwenyewe hujiona haswa. Kiangazi hiki shirika moja la misaada lilimpa kazi ya kuandika programu ya kusoma meseji za wafugaji. Mtu anatuma jina na idadi ya ng'ombe wake, programu inapanga, lori la nyasi linaenda kwa wenye ng'ombe. Rahisi, sivyo?

Meseji zikaja. Karibu kila jina la Kulamawe, kijijini kwao Galgalo, likapata sifuri. Galgalo akarekebisha hapa, akaharibu pale, sifuri zikabaki. Mwishowe akafungua meseji zenyewe. "Wapo, alhamdulillahi." "Mungu ametuachia." Ya nyanya yake, Akko Kabale, ilisema: "Ng'ombe ni wazima." Namba hakuna, na programu isipoona namba inaandika sifuri.

Lo! Si alizaliwa zizini huyu? Nani kwao asiyejua kwamba ng'ombe walio hai hawatajwi hesabu, jicho baya lisije likasikia? Alijua, ila alisahau kama mgeni. Masikio yalimwaka kwa aibu.

Akapiga simu. "Salaam aleikum, Akko. Niambie tu ni wangapi."

"Unataka kuwamaliza?" nyanya akang'aka. "Maziwa ulikunywa ya nani wewe?"

"Bila namba lori haitakuja huko."

"Basi isikuje!" Akakata.

Akamwendea Makandi, msimamizi wake, akamwomba wakisie.

"Tukibuni namba tutafungwa sote," Makandi akasema. "Pole, Galgalo. Niletee namba."

Ataitoa wapi? Hakuna programu inayosoma kisichoandikwa. Lori lilipopita barabarani na nyasi za watu wengine, Galgalo alisimama mlangoni akilitazama, hana la kufanya, hana wa kumlaumu.

Mvua ikakataa kunyesha. Siku moja simu ikalia, Akko Kabale, sauti haina ukali hata kidogo.

"Galgalo, ile hesabu yako."

"Naam, Akko."

"Sasa naweza kukuambia. Walikuwa kumi na saba. Wa mwisho ameanguka leo asubuhi. Waliokufa wanahesabika, mjukuu wangu. Andika."

Galgalo akafungua kompyuta, akatafuta jina la nyanya yake. Sifuri ilikuwa palepale alipoiacha. Hakukuwa na kosa la kurekebisha tena.