Spana ya Bawa la Kushoto

Nilisafiri kwa sababu ya spana moja. Mjomba wangu Seif, mkulima wa mihogo wa Msimbu, aliwahi kuwa fundi wa ndege jijini. Katika karakana yao kila kifaa kilikuwa na mahali pake ubaoni, pamechorwa umbo lake kwa rangi. Jioni, umbo moja likibaki tupu, ndege hairuki mpaka kifaa kipatikane. Siku moja, baada ya kufanya kazi ndani ya bawa la kushoto, spana yake haikuonekana. Aliogopa kufukuzwa, akanunua nyingine kwenye maduka ya vifaa ya Gerezani, akaitundika, akasaini kwamba vifaa vyote vipo. Asubuhi ndege ikaruka na abiria. Mwaka huu tulisikia kwamba ndege ileile imewekwa kwenye makumbusho madogo nje ya mji wa Kibaha. Akataka akajue kama kweli aliwarusha watu na chuma kile ndani ya bawa.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi ya Kisarawe. Mjomba alikuwa ametoka Msimbu tangu jana yake, akalala kwangu, lakini hakupata usingizi. Macho yalikuwa mekundu na goti la kulia lilikuwa limevimba.

Saa tatu tulifika Mbezi, baada ya kubadilisha gari Gongo la Mboto na kusimama muda mrefu Kinyerezi wakati dereva akishughulikia pancha. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mjomba aliketi juu ya tofali la mwenye kibanda cha maji.

"Mwanangu, kwa ndege saa hizi ningekuwa nakunywa chai Mwanza."

"Twende basi, Kibaha si mbali."

"Hiyo 'si mbali' yako umeshaisema tangu Pugu."

Saa tano na nusu, baada ya Maili Moja, pikipiki mbili zilitushusha kwenye geti la mabati upande wa Visiga. Ndani kulikuwa na ndege nne kwenye nyasi zilizofyekwa karibuni. Matairi yalikuwa yameisha upepo, na kunguru walikuwa wamechafua vioo. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kuona zote zinafanana. Mjomba hakuuliza. Alichechemea moja kwa moja hadi kwenye ya tatu, ya injini mbili, akaweka kiganja chini ya bawa la kushoto.

Mwangalizi, mama wa makamo aitwaye Zuhura, alitufuata na daftari la wageni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili bawa mlilifungua?"

"Lote, kabla ya kupaka rangi. Vilivyotoka humo viko ndani. Karibuni mpumzike kivulini kwanza."

Hakutaka kupumzika. Ndani ya chumba kulikuwa na kabati la kioo: kiota cha nyigu, kitambaa kilichokakamaa kwa mafuta, na spana ndogo iliyogongwa namba kumi na nne. Kadi yake ilisema: *Spana. Imekutwa ndani ya bawa la kushoto. Mwenyewe hajulikani.*

Kila fundi wa karakana ile alikuwa na namba yake, na kumi na nne ilikuwa ya Mjomba. Alishika ukingo wa kabati. Njia nzima nilikuwa nikiomba tusiikute.

Bi Zuhura hakujua. "Hapa wageni hucheka sana. Nawaambia, fundi huyu alikuwa mzembe kweli."

"Mzembe angesema imepotea," Mjomba akajibu. "Huyu alikuwa mwongo. Ni mimi."

Bi Zuhura alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema kwa upole, "Lakini ndege haikuanguka, baba. Imeruka miaka yote mpaka ikastaafu."

"Najua. Ilirudi salama bila msaada wangu."

Bi Zuhura alifungua kabati, akamnyooshea spana. "Ichukue basi, ni yako."

"Ni ya karakana, mama. Nipe kalamu."

Mjomba alikalia kiti cha plastiki, akaigeuza kadi na kuandika upande wa nyuma, polepole. Akaandika jina lake lote na kijiji chake, na kwamba alijua spana haipo akasaini ipo. Chini akatia saini.

"Wageni watasoma, baba," Bi Zuhura alisema. "Hata wajukuu zako wanaweza kuja."

"Wakija, usiwafiche."

Saa nane tulianza kurudi. Kutoka Mbezi hadi Pugu Mjomba alisinzia begani kwangu, nami bega likafa ganzi nisithubutu kumwamsha. Tulipanda mlima wa Kisarawe jua likiwa limelegea.

Nilidhani anakwenda kutafuta wa kumwambia si kosa lake. Mtu huyo tulimpata, tena mpole, na Mjomba hakumhitaji. Nyumbani, mke wangu alipomuuliza kama amepata alichokifuata, alivua viatu kwanza.

"Nimekipata. Kilikuwa mahali nilipokiacha."

Kisha akaomba maji ya kuoga.