Mkanda Uliopakwa Mawese

Nikifumba macho hata leo naisikia: sauti ya saa kumi na moja zikitembea pamoja ndani ya kopo la maziwa ya unga. Usidhani ni ile tik-tak ya saa ya ukutani. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya wengi, kama panzi wanaokanyagana juu ya majani ya mahindi yaliyokauka. Kopo lilikaa juu ya ukuta, pale bati lilipokutana na udongo, na Papa alipolishusha Jumapili baada ya ibada, nyumba nzima ilijua burudani imeanza.

Papa alikuwa mkulima wa muhogo na maharagwe hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, lakini ukimuuliza mwenyewe, yeye alikuwa mtu wa saa. Aliziokota Mbarara kwenye marundo ya mitumba, zile saa za zamani za betri zilizoandikwa Quartz usoni, ambazo watu walikuwa wameshazichoka. Alizifungua mgongo kwa ncha ya wembe, akazitia betri mpya, kisha akaziweka sikioni na kunyamaza kama daktari. Ajabu yake, hakuzilinganisha. Kila moja aliiacha iendelee kutoka pale ilipofia. Kwa hiyo tulikuwa na saa kumi na moja, na Mama akitaka kujua saa ngapi aliangalia jua.

Rafiki yake wa saa alikuwa Afande, mwanajeshi wa kambi ya Mbarara. Walijuana kwenye meza ya mitumba, kila mmoja amekamata ncha moja ya saa ileile. Hawakupigana. Walianza kubishana, na ubishi wenyewe ukadumu miaka. Jumapili akiwa hana zamu, Afande alikuja kwetu na pikipiki, saa zake zimefungwa ndani ya soksi, na wote wawili walikaa nje kwenye mkeka wakizipanga kama karanga za kuchagua.

Ugomvi wao ulikuwa mikanda. Afande aliamini saa lazima ivae mkanda uliotoka nayo kiwandani. Papa, ambaye saa zake karibu zote zilivaa mikanda aliyoshona kwa mkono wake, hakukubali.

"Saa bila strap yake ya orijino hapana saa," Afande alisema. "Hiyo ni askari na ndala."

"Afande, mukanda ni nguo tu. Weye ukivua iyo kombati, unabakia Afande ao hapana?"

"Mimi nikivua, nabaki uchi!"

Mama aliyekuwa anasonga ugali alicheka mpaka akauachilia mwiko.

Sasa niwaambie siri ya Mama. Kabla ya vita, Papa alipomchumbia kule kwetu Kivu ya Kusini, alimpa saa ndogo ya kike, uso wa yai, rangi ya dhahabu. Tulipokimbia, Mama aliitoa njiani ili sisi wote tuvushwe. Hakuizungumzia kamwe. Ila mtu akimuuliza saa, kabla ya kutazama jua aligusa kwanza mkono wake wa kushoto, pale pasipo na kitu.

Siku moja Afande akamwaga soksi yake mkekani, na ndani yake mkatoka saa ya yai, ya dhahabu. Si ileile, lakini pacha wake. Mama alikuja na chai, akaiona, akarudi ndani bila kuiweka chai chini.

Papa aliitaka kwa kubadilishana. Afande akatikisa kichwa: hiyo itatoka kwa saa moja tu, ile kubwa ya Papa ya chuma, uso wa mraba, ambayo peke yake katika kopo lote ilikuwa bado na mkanda wake wa ngozi, na alama ya kiwanda imegandamizwa kwa ndani. Wakapatana kubadilishana Jumapili iliyofuata. Wiki hiyo Papa akabadili dini. Yeye aliyehubiri kwamba mkanda ni nguo akaanza kututangazia: "Mukanda wa kwanza njo roho ya saa! Mutu asiguse kopo!"

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda Mama kupita kiasi. Jumamosi Papa alipoenda shambani nikashusha kopo, nikaitoa ile saa ya mraba ndani ya kitambaa chake. Nilitaka tu kuhakikisha saa imependeza. Nikaukuta ule mkanda umekauka, umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Na kwetu, wasomaji wangu, kisigino kikipasuka kinapakwa mawese, yale mafuta mekundu ya kupikia. Mama alitupaka hivyo kila Jumamosi ili twende kanisani miguu inang'aa. Basi nikaupaka. Mbele na nyuma, mpaka kwenye matundu. Nikauanika juani unywe vizuri, nikaufunga tena ndani ya kitambaa, nikalala nimeshiba furaha.

Jumapili Afande akaja. Akaweka saa ya yai mkekani, imefungwa kamba ya kiatu cheusi. Papa akakiinua kitambaa chake kwa mikono miwili kama mchungaji anayeinua sadaka.

"Afande, mukanda huu haujaguswa na mutu tangu kiwandani."

Akafunua. Ngozi iliyokuwa kahawia imekuwa rangi ya machungwa, imevimba, inameremeta. Harufu ilitoka kabla ya neno lolote. Mama akanusa, akaziba mdomo kwa pindo la kitenge. Alama ya kiwanda haikuonekana tena.

"Papa Faida," Afande akasema polepole, akimwita kwa jina langu, "hii iko saa ama iko ile sombe yenu, ile kisamvu ya mawese?"

Wote wakanigeukia mimi. Kucha zangu zilikuwa bado na rangi ya mawese.

"Ni miye, Papa," nikasema, machozi yakifika kabla ya maneno. "Nilitaka ing'ae, ile ya Mama ipate kuja."

Papa hakunipiga. Alikaa tu akiutazama ule mkanda, na mabega yake yakashuka. Hilo liliniuma kuliko fimbo. Afande akaanza kuivuta saa ya yai arudishe ndani ya soksi. "Sheria ni sheria," akasema. "Bila strap yake, hii ni nusu saa."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilifuta kamasi, nikanyoosha kidole. "Afande, na ile yako? Ile kamba ya kiatu ilitoka nayo kiwandani?"

Kisha Mama akapasuka kicheko, Papa akafuata, na Afande akajishika kichwa chenye kofia. "Ah! Huyu mtoto amenikamata! Sawa. Nusu kwa nusu. Chukua."

Jioni ile Papa alikata ulimi wa kiatu chake cha kanisa, akashona mkanda mwembamba, akamfunga Mama. Miezi mingi alienda ibadani na kiatu kimoja kisicho na ulimi, na hakuna aliyetembea kwa maringo kumzidi. Mama naye aliulizwa saa na majirani siku iliyofuata labda mara ishirini. Nilijigamba shuleni kwamba nimemshinda mwanajeshi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilijigamba miaka. Mpaka nilipokwenda Mbarara kujifunza ushonaji, nikapita kumsalimia mke wa Afande, ambaye pia ni fundi cherehani. Afande mwenyewe alikuwa amehamishiwa kambi nyingine. Nikamsimulia kwa kicheko ile ya kamba ya kiatu. Hakucheka. Alivuta mtoto wa meza ya cherehani, akatoa mkanda mwembamba wa dhahabu, akaniwekea kiganjani.

"Hii ndiyo yake ile saa," akasema. "Aliitoa mwenyewe Jumamosi, na kisu. Mimi nikamuuliza, wewe, kichwa yako iko sawa? Akasema, huyu Mkongo hawezi kubali kitu ya bure, na saa yake haifiki hii hata nusu. Wacha niiharibu kidogo, tuwe sawa."

Mtu aliyeamini mkanda kuliko wote tuliowajua. Ndipo nikaelewa kwamba sikumshinda. Alinipisha, kama mtu mzima anavyompisha mtoto mlangoni, na labda alifurahi kwamba nimempa njia.

Mkewe aliniambia niuchukue ule mkanda. Niliporudi Nakivale, Mama alikuwa ameenda kuteka maji na saa yake ilining'inia kwenye msumari. Nikafungua ule mkanda wa ngozi ya kiatu, nikaingiza wa dhahabu. Ulikaa sawasawa. Saa ilipendeza kama bibi harusi, bibi harusi wa watu nisiowajua. Nikaitazama kwa muda. Kisha nikautoa, nikarudisha wa Papa, tundu la tatu, pale Mama anapofungia. Nikachukua sindano, nikafumua pindo la sketi yangu, nikauingiza ule wa dhahabu ndani na kulishona tena kwa mishono midogomidogo, nikakata uzi kwa meno.