Raba kwa Hela ya Turubai

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndio mwaka shida ilipoingia nyumbani kwetu Igombe bila kupiga hodi. Baba alikufa kwa homa, akamwachia mama watoto wanne na miamba ya kuanikia dagaa wa kuuza. Haya yalinirudia juzi dukani, mjukuu wangu Neema aliponifungulia boksi la raba mpya. Harufu ile ya mpira ilinipanda puani, na mimi mtu mzima, mwenye mali yangu, nikainua uso kutafuta mawingu. Ndani ya duka!

Ngoja niwaeleze. Shule niliishia darasa la nne, msinitafutie makosa.

Dagaa ni jua. Wanatoka ziwani asubuhi, unawatandaza juu ya mwamba, kufika alasiri wamekauka hadi wanalia mkononi. Mvua ikiwakuta kabla ya hapo wanavimba, wananuka, kazi yako imekwisha. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtu wa mbio. Wingu likichungulia tu, yeye anaruka mwamba hadi mwamba na beseni na ufagio, anakusanya. Kwetu mtu wa mbio nilikuwa mimi. Hata shuleni hakuna mvulana aliyenipata, na mwalimu alikuwa ameniandika nikashindane mjini. Waliowahi kwenda walituambia watoto wa mjini wanakimbia na raba nyeupe, halafu wanacheka miguu ya watu.

Mama alidunduliza miezi mingi. Siku moja akafungua pindo la kanga, akanipa shilingi ishirini na tano.

"Nenda mjini ukanunue turubai. Wingu likija tutafunika tu, tuache kukimbizana na Mungu."

Dukani turubai lilikuwa limekunjwa chini. Juu yake, kwenye rafu, raba nyeupe. Bei ile ile. Hapo akili yangu ya darasa la nne ikapiga hesabu: turubai ni la watu wazito. Mwenye mbio la nini? Nikivaa raba nitawawahi dagaa wote kabla tone halijaanguka. Nawaambia kweli, sikuona kama naiba. Niliona naokoa.

Akili ilinirudi nikiwa njiani. Raba nikazificha kwenye ufa wa mwamba. Kwa mama nikasema maturubai yameisha, mwenye duka kasema Jumatatu.

"Na hela?"

"Nimemwachia."

Kuanzia hapo niliishi shingo juu. Siku ya kwanza jua kali, nikamshukuru Mungu kama mtu mzima. Siku ya pili kikatokea kijiwingu kama kiganja, nikarudisha tonge sahanini. Mama akaniuliza, "Mbona unatazama juu kama kuku anayekunywa maji?" Nikacheka, kicheko kikavu kama dagaa wenyewe.

Siku ya tatu, saa saba mchana, upepo ulikata. Watu wa ziwani tunajua: upepo ukikata ghafla, ziwa linavuta pumzi. Kaskazini pakawa peusi kama tako la sufuria. Mama alikuwa kule juu nyumbani na mdogo wetu kichanga. Nikachomoa raba ufani, nikafunga kamba, nikaruka.

Hatua ya tatu nilikuwa chini. Mwamba wa dagaa una mafuta na magamba. Mguu mtupu unaujua, vidole vinashika. Raba mpya haijui kitu. Nikainuka, nikaanguka tena. Beseni likaenda zake, raba ya kulia ikachomoka, ikabiringika hadi majini. Radi ikapasua ng'ambo, mvua ikashuka kwa kishindo. Dagaa wetu wakaanza kuelea kwenye vishimo vya mwamba kana kwamba wamefufuka. Nami nimepiga magoti katikati yao, nalia, nawachota kwa viganja.

Ndipo nikamwona mama anashuka. Sijawahi kumwona mama anakimbia, si kabla wala baada. Nikasema moyoni, leo nakufa.

Aliwapita dagaa, hakuokota hata mmoja. Akanikamata mkono, akaniburuta chini ya jiwe kubwa lililoinama, akanibana kifuani. Radi ikapiga karibu, nikasikia harufu ya kuungua. Mama alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana. Nikajua hiyo ni hasira inachemka. Nikafumba macho kungoja kofi.

Mvua ilipopungua, akauona mguu wangu wa kushoto.

"Hiyo nini?"

"Raba, mayu," nikamwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Ndiyo turubai hiyo?"

Nikauvuta mguu, nikaukalia.

"Shilingi ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Zote? Hukumwomba hata apunguze?"

"Sikumwomba."

Hapo ndipo kofi lilipokuja. "Mtoto wa mchuuzi wewe!"

Mwezi ule tulikula mihogo mikavu. Mjini nilikimbia peku, nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa na raba, sisemi zaidi.

Miaka mingi nimelisimulia kofi lile watu wakacheka. Kule kutetemeka sikukusimulia, kwa sababu sikukuelewa. Nilikuja kukuelewa mchana mmoja upepo ulipokata na mwanangu wa kwanza yuko ziwani. Nilisimama ufukweni meno yanagongana, na sikuwa na hasira na mtu yeyote.

Sasa Neema. Kijana wa duka alisema laki mbili na nusu. "Bibi, hizi ni za mbio kweli kweli."

Nikaigeuza raba, nikaisugua soli kwa dole gumba. "Kwenye maji zinashika?"

"Zinashika, bibi."

"Laki na nusu."

"Bibi, utaniua!"

Tulimalizana kwenye laki na themanini. Mkiniuliza raba ni za kiasi gani, jibu langu ni fupi: kiasi kinachobaki baada ya turubai.

Leo nina nyumba mbili mjini, kule Igoma, moja ya wapangaji. Nina mitumbwi mitatu. Nina chanja za waya za kuanikia, ng'ombe saba kwa kaka yangu kule Bujora, na maturubai kumi na manne. Na raba moja, ya mguu wa kushoto.