Jembe la Mwalimu Ilunga

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyopewa filimbi. Ilikuwa hapa hapa Mulekera, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mwenye mabega mapana na akili finyu.

Wakati ule watu walikuwa wakiuawa mashambani na wauaji wasiojulikana, na serikali ilitutumia maneno tu. Akatokea mtu mmoja, fundi wa redio pale sokoni, akasema tusingoje tena, tufanye salongo wenyewe, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulimwita Mukubwa. Kila Jumamosi tulitoka na majembe, tukaziba mashimo ya barabara mpaka malori ya kakao yakapita bila kukwama. Ungekuwepo, hata wewe ungempenda. Mama yangu alimpikia ndizi. Padri alifurahi kwamba njia ya parokia imefunguka, na wakubwa wa ofisi walikaa kimya, maana kazi yao ilikuwa inafanywa bure.

Kisha yakaja mengine, polepole. Kofia nyekundu. Kuinua majembe juu Mukubwa anapopita. Aliyekosa salongo tulimwita msaliti, hata akiwa na msiba, tukacheka. Halafu Mukubwa akaanza kusema kwamba wauaji hawaji bila wenyeji wa kuwaonyesha njia, na kwamba tuwaangalie vizuri hao waliotumwa kutoka mikoa mingine, wanaokula mshahara kwetu. Ushahidi hakuleta. Hatukumwomba, tulikuwa na hofu na tulitaka jina la kuipa.

Mwalimu Ilunga alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali. Ndiye aliyenifundisha hesabu, na hakukosa salongo hata siku moja. Jumamosi ile ya filimbi alikuja na jembe lake begani kama kawaida. Mukubwa alinivisha filimbi ya kuongoza wenzangu, kisha akanitazama mbele ya watu wote.

“Kambale, kamata ile jembe. Hii barabara ni ya batoto ya hapa.”

Nilikwenda. Mkono wangu ulitetemeka, mwanangu, ulitetemeka kweli. Mwalimu hakubishana. Aligeuza jembe, akanipa upande wa mpini nisijikate.

“Kamata, mutoto yangu,” akasema. “Lakini siku batakutuma kwangu ku nyumba, utakuwa umeisha zoea.”

Nilikasirika. Nilijiona nimetukanwa, mimi mwenye filimbi.

Zikapita wiki chache. Kukatokea mauaji mengine upande wa mashamba, na Mukubwa akatutuma kwa mwalimu asubuhi, watu wote wakiona. Nilipiga filimbi mimi. Tulitoa godoro, tukatoa vitabu, tukavichoma uani. Mawe yakaanza kurushwa, sijui na nani wa kwanza, najua langu halikuwa la mwisho. Mwalimu alikufa kabla hajafika hospitali. Nilipoosha mikono jioni niliitazama, ilikuwa imetulia.

Mauaji mashambani hayakupungua hata kidogo. Lakini Mukubwa aliingia katika ofisi kubwa, na wale wakubwa waliokuwa kimya ndio waliomfungulia mlango. Baadaye kofia nyekundu zilifika hata kwa wenyeji waliothubutu kuuliza swali. Hakuna aliyebaki wa kuwatetea, sisi tulikuwa tumeshafanya kazi yote.

Leo umerudi nyumbani na filimbi shingoni, unaniambia kuna kijana anayesafisha mifereji na kuongea vizuri. Sikukatazi kusafisha mifereji. Lile jembe unaloliona nyuma ya mlango wangu, unalouliza kila mara kwa nini silitumii, ni la Mwalimu Ilunga. Siku wakikutuma umnyang'anye mtu kitu, hata kiwe kidogo namna gani, kataa pale pale, mbele yao, na urudi nyumbani. Usingoje jambo kubwa ndipo ukatae. Likifika, hutalihisi.

Mungu akulinde huko uendako, mwanangu, na asikuondolee kutetemeka kwa mkono.