Mjomba Pazia na Vijana wa Benchi la Nyuma

Mjomba Pazia, Mungu amlaze pema, alikuwa na sharti moja kazini, na alilishika kama alivyoshika sala zake: pazia halipandi mpaka ukumbi unyamaze. Mtu akikohoa, Mjomba anasubiri. Mtu akitafuta kiti kwa kuwakanyaga wenzake vidole, anasubiri. Ukumbi ukishatulia tuli ndipo anapojipangusa viganja kwenye suruali, ananong'ona, "Ee Mola, watangulie," kisha anaivuta kamba. Pazia lenyewe lilikuwa la mahameli nyekundu iliyopauka, zito kama deni. Likishafika juu, kamba huzungushwa kwenye ndoano ya chuma ukutani, la sivyo linarudi chini lenyewe.

"Neno la kwanza la mchezo ni mtoto mchanga," alikuwa akisema nyumbani. "Ukilitupa kwenye kelele, linakufa."

Waigizaji wakongwe walimpenda kwa hilo. Mjomba akiwa kwenye kamba, walijua watasikika mpaka kiti cha mwisho karibu na choo.

Basi ukaja mchezo wa Benchi la Nyuma. Miaka yote ukumbi ule ulikuwa wa watu wazima, akina baba wenye tai na akina mama waliokuja na vitambaa vya kulilia. Huu ulikuwa mchezo wa nyimbo, habari za wanafunzi wa viti vya nyuma wanaofukuzwa na kila mwalimu mpaka wanaenda kuanzisha bendi kwenye stoo ya madawati mabovu. Kabla haujaonyeshwa hata mara moja, vijana walishapagawa nao. Jumamosi ya ufunguzi walijaa mlangoni tangu asubuhi, wamevaa sare za shule, tai wamejifunga kichwani kama mhusika mkuu.

Mkata tiketi alishika kiuno. "Siku ya shule kuvaa sare ni ugomvi na mama zao. Leo hakuna shule, watazame!"

Aliyemwigiza mhusika mkuu huyo alikuwa binti wa Mjomba, kitinda mimba wake, aliyebandikwa jina la Kipenga tangu utotoni kwa ajili ya sauti yake. Hakuwahi kupewa nafasi kuu katika mchezo. Mara ya mwisho alipopanda jukwaani, kwenye ukumbi wa shule, watu wa viti vya mbele walipiga soga mpaka maneno yakamtoka kichwani. Akasimama kama gogo hadi mwenzake alipomshika mkono akamtoa. Aliapa kwamba likimpata tena jambo kama hilo, jukwaa na yeye basi.

Ndiyo maana asubuhi ile, akichovya mkate kwenye chai, Mjomba alimwambia, "Mwanangu, usiwe na wasiwasi. Kamba ninayo mimi. Hufungui mdomo mpaka watulie."

"Baba, hao ni vijana."

"Vijana nao wana masikio."

Mkewe akacheka. "Masikio wanayo. Midomo je?"

Mchana, taa za ukumbi zilizimwa. Kwa kawaida taa zikizimwa watu hunyamaza. Hawa ndipo walipoanza. Zilipigwa kelele mpaka vumbi likadondoka darini. Kipenga alikuwa tayari katikati ya jukwaa, peke yake, ameketi juu ya dawati, kichwa kimeinama kama alivyoelekezwa. Mjomba akaishika kamba, akasubiri. Vijana kuona pazia haliendi, wakadhani ni mbwembwe za mchezo, wakaanza kupiga miguu sakafuni. Wakizidisha, naye anazidi kusubiri.

Mwongozaji wa mchezo, mama mmoja mwembamba, akaja mbio kwa ncha za vidole. "Mzee wangu, vipi? Pandisha!"

"Hawajanyamaza."

"Hawatanyamaza leo wala kesho!"

"Basi tuonane kesho kutwa."

"Mjomba, nakuomba. Mtazame binti yako."

Mjomba akatazama. Vidole vya Kipenga vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa dawati. Akipandisha, neno la kwanza la mtoto litamezwa na zile kelele. Asipopandisha, mtoto mwenyewe ataishia palepale. Akafumba macho. "Ee Mola, watulize hawa, au nionyeshe la kufanya."

Hawakutulizwa. Kwenye safu ya mbele msichana mmoja akaanza kuimba. *Tuko huku nyuma, mwalimu, tuite na sisi.* Ulikuwa wimbo wa kwanza wa mchezo, wimbo wa Kipenga. Waigizaji walikuwa wamejirekodi kwa video mazoezini wakazituma nyimbo kwenye simu za watu, na Mjomba, ambaye simu yake kazi yake kubwa ilikuwa tochi, hakuwa na habari. Jirani wa yule msichana akadakia, safu nzima ikafuata, mara ukumbi wote.

Kipenga akainua kichwa. Akasikiliza. Akamgeukia baba yake, macho yamemtoka.

"Baba, wanaimba wimbo wangu!"

"Nasikia. Wakimaliza watanyamaza, nipandishe."

"Wakimaliza nitakuwa nimeachwa! Pandisha niwadake!"

"Na neno lako la kwanza?"

"Wameshanisemea wao. Baba, vuta!"

Mjomba akavuta. Kipenga akasimama juu ya dawati na kuingia ubeti wa pili, sauti yake ikapaa juu ya zao zote, safi kabisa, na wao wakazidi kumbeba. Mjomba alisahau yuko wapi. Akainua mikono yote miwili kupiga makofi.

Kamba alikuwa hajaifunga.

Pazia likaporomoka, akaidaka kamba likiwa limebakiza kimo cha magoti kufika chini. Ukumbi ukaona miguu ya dawati tu. Kipenga hakusita hata kidogo. Akaruka chini, akalala kifudifudi, akachomoza kichwa chini ya pazia na kuendelea na kibwagizo, tai kichwani. Vijana nusura wabomoe viti.

Jioni mwongozaji alimfuata Mjomba kwa adabu zote kumwomba kosa lile liwe sehemu ya mchezo, maana wanaokuja kesho walishalisikia na wanalitaka.

"Niangushe pazia makusudi? Mimi?"

"Kila onyesho, Mjomba."

Alikubali kwa ajili ya Kipenga. Akawa anaomba toba kwanza, kisha anaachia kamba, na anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Tulipomzika, vijana wale walikuja na sare zao, wakasimama nyuma ya watu wazima. Mmoja akamwendea kiongozi wa ibada, akamwuliza kwa heshima kama wanaweza kumwimbia mzee wao. Akawaruhusu, ila waimbe taratibu.

Taratibu hawakuweza. Kiongozi akainua mkono kuwazuia, lakini mjane, machozi yakimtiririka, akamshika mkono ule akaushusha.

"Waache," akasema. "Hata mwenyewe walimshinda."