Chumba Namba Tisa cha Mwalimu

Mama mdogo wangu alisafisha vyumba kwenye hoteli ya ukoo mmoja kwa miaka ishirini na sita. Mtu msafi kupindukia: shuka likiwa na mkunjo mmoja tu, alilivua lote akatandika upya. Ndiyo maana haya ninayosimulia yananitia kinyaa mpaka leo.

Hoteli aliianzisha Mzee, fundi mwashi aliyejenga vyumba kumi na viwili kando ya ziwa kwa mikono yake. Alipoishiwa kabla ya paa, akauza wiki: ulilipa mara moja, na chumba kikawa chako wiki moja kila mwaka, wewe na wanao. Mwalimu mmoja na mumewe walichukua namba tisa, wiki ya pili ya Agosti. Mume alipofariki, Mwalimu aliendelea kuja peke yake, na mama mdogo ndiye aliyemfungulia madirisha. Wakawa wanaitana dada.

Mzee akafa. Wanawe wakaja na neno lao: pointi. Rudisha chumba, upewe pointi za kulipia chumba chochote, wiki yoyote, palipo na nafasi. Nafasi yenyewe huipati ng'o. Walichotaka ni vyumba vile vizuri warudishiwe, wawauzie wengine. Wenye wiki karibu wote walitia saini. Mwalimu akasema hataki, na akishasema hataki ameshafunga daftari.

Basi yule kitindamimba wao, tuliyembandika jina la Meno kwa vile alivyochekacheka, akamwita mama mdogo ofisini, akamvika kilemba cha ukoka.

"Mama yetu, wewe ni familia. Mwalimu anakusikiliza. Halafu yule mtoto wa dada yako bado yuko nyumbani? Mapokezi kuna nafasi."

Mama yetu! Miaka yote hiyo anakula makombo jikoni, amesimama, leo amekuwa mama yao. Ptuu.

Mtoto wa dada ndiye mimi. Nilikuwa na mwaka wa pili nakaa bure na cheti changu. Mama mdogo aliporudi alinieleza yote, akaniuliza afanyeje. Nikamjibu, "Mwenye nguvu mpishe, mama mdogo." Sikufikiria hata dakika moja.

Wakamkalisha meza moja na Mwalimu, kitambaa cheupe, juisi, Meno anacheka tu. Mwalimu akamgeukia.

"Dada, wewe unaonaje?"

Mama mdogo akaitazama glasi yake. "Tia saini, dada. Hawa ni watu wazuri."

Akatia.

Agosti iliyofuata nilikuwa mapokezi, nimevaa tai. Mwalimu akaingia na begi lake. Nikafungua kompyuta huku najua itasema nini: namba tisa ina wageni wengine, na pointi zake hazitoshi hata kile chumba cha nyuma kinachopakana na jenereta. Nikamwambia hivyo kwa ile sauti laini tuliyofundishwa. Mama mdogo alikuwa amesimama palepale, mashuka ya namba tisa mikononi.

Mwalimu hakukasirika. Alinitabasamia kama anavyomtabasamia mwanafunzi aliyekosea hesabu ndogo.

"Angalia tena, mwanangu, mmekosea mahali. Huyu dada yangu ndiye aliyenishauri nitie saini, na huyu hawezi kunidanganya."

Nikajifanya naangalia tena.